Umekariri ala zote, lakini muziki huutambui: jibu kwa mwanafunzi wa muziki wa dunia

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja Marekani, nasomea uuguzi. Tulitakiwa kuchukua walau somo moja la sanaa, nikachagua utangulizi wa muziki wa dunia nikiamini muziki hautanishinda. Kila wiki tunahama: Indonesia, India, nchi za Kiarabu, kisha Afrika. Jaribio la kwanza la kusikiliza nimeanguka. Majina ya ala nimeyakariri yote, lakini ukipigwa muziki wenyewe sijui ni wa wapi. Gamelan naisikia kama sufuria zinazogongana, na ule wa Kihindi unakaa dakika kumi bila kuanza. Sasa profesa ameniomba wiki ya Afrika niwaeleze wenzangu muziki wa Kiafrika, wakati mimi nimekulia Dodoma nikiimba kwaya na kusikiliza bongo fleva. Tena kuna ripoti ya onesho la muziki ya kuandika. Somo hili nilisome vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nguvu zako zimepotelea kwenye hayo majina. Jina la ala hukusaidia kwenye swali la kuandika, ila ukipigiwa sekunde thelathini za muziki bila picha, sikio linahitaji kitu cha kushika. Kwa muda niliofundisha somo hili nimeona kwamba kitu hicho hupatikana kwa swali moja: katika muziki huu, nani anaushika wakati, na wengine wanamsubiri vipi? Ukishapata jibu lake, mambo ya ngazi za sauti, ala, mahali, hata maisha ya wapigaji wenyewe, hupata pa kukaa. Nitapita nawe kwenye mada zako kwa swali hilohilo, nyingine kwa kirefu, nyingine kwa haraka.

Tuanze na hizo sufuria. Gamelan ya Java, kisiwa cha Indonesia, ni kundi zima la patu na ala za vibao vya shaba, zilizotengenezwa pamoja na zinazokaa pamoja. Sikiliza kwanza sauti ya chini kuliko zote, ile inayotetemesha kifua. Hiyo ni gong ageng, upatu mkubwa. Achana na mengine yote, inua tu kidole kila unapousikia. Utaona kwamba kati ya mlio mmoja na mwingine kuna urefu unaojirudia. Katika umbo liitwalo ladrang, upatu mkubwa hulia mara moja katika kila mapigo 32. Ndani ya hayo 32, upatu mwingine uliolazwa, kenong, hulia kila baada ya mapigo 8, kwa hiyo safari nzima imegawanyika vituo vinne. Vibao vya katikati hutembeza mstari mkuu wa sauti, balungan, na ala ndogo zenye sauti ya juu huupamba kwa noti nyingi zaidi. Kadiri ala inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokwenda mbio, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyosema kwa nadra.

Sasa angalia kinachowapoteza watu wenye masikio ya kwaya. Umezoea uzito uwe kwenye pigo la kwanza: moja, mbili, tatu, nne, na ile moja ndiyo nzito. Java uzito huangukia pigo la mwisho. Upatu mkubwa hufunga mzunguko, na kila ala inaelekea kwake. Ukiusikiliza kwa mazoea ya nyumbani utauona muziki hauna kichwa. Hesabu upya ukiliweka pigo zito mwishoni, utausikia mstari wote ukikaza kuuelekea upatu, halafu ukitulia. Wanafunzi wangu wengi hubadilika hapo hapo. Kelele ile ile waliyokuwa wakiilalamikia wanaanza kuihesabu kwa vidole, na mmoja wao akikosea, jirani anamrekebisha.

Mtihani pengine utakutaka utofautishe Java na Bali, kwa hiyo lishike hili. Bali, hasa mtindo wa gong kebyar ulioibuka kaskazini mwa kisiwa hicho mwanzoni mwa karne ya 20, hulipuka ghafla na kukatika ghafla, na sauti yake inameremeta. Mmeremeto huo umetengenezwa kwa makusudi: ala huundwa mbili mbili, moja ikiwa juu kidogo ya mwenzake, na zikipigwa pamoja hewani hutokea mawimbi yanayoitwa ombak. Tena wapigaji wawili hugawana mstari mmoja wa noti za kasi, huyu akipiga polos, yule akijaza mianya kwa sangsih. Ufundi huo ni kotekan, nawe utaukumbuka tukifika Uganda. Gamelan ya makasri ya Yogyakarta na Surakarta, huko Java, imetulia zaidi. Utasikia rebab, fidla yao ya nyuzi mbili, na mwimbaji wa kike ambaye sauti yake haifungwi na mapigo, ila anajua upatu utalia lini.

Lipo pia lile ulilolihisi bila kulitaja: kwamba muziki huu "hauko kwenye tuni". Gamelan hutumia mfumo wa slendro wenye sauti tano katika oktava (umbali wa kutoka do hadi do inayofuata), au pelog wenye saba, na kila kundi lina tuni yake lenyewe, hata ala ya kundi moja huwezi kuiazimisha kundi jingine. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alichapisha vipimo vya ala za mataifa mbalimbali. Aliigawa oktava vipande 1200 alivyoviita senti, akapima, na akahitimisha kwamba hakuna ngazi moja ya sauti iliyo ya asili kwa binadamu wote. Miaka minne baadaye, kwenye maonesho makubwa ya Paris ya 1889, mtunzi Debussy aliwasikiliza wapigaji kutoka Java, na hakuusahau muziki huo. Kwa hiyo sikio linaloona tuni ya Java imepinda ni sikio lililolelewa na tuni nyingine, na tuni hiyo nyingine ina historia yake. Nitaifikia nikizungumzia kwaya.

Ule wa Kihindi unaosema unakaa dakika kumi bila kuanza, umeanza tangu sekunde ya kwanza. Sehemu hiyo ya mwanzo ni alap. Haina ngoma na haina mapigo ya kuhesabu, kwa sababu mpigaji anaitambulisha raga: sauti gani zimo, ipi inakaliwa sana, ipi inapitiwa tu, ipi hufikiwa kwa kuteleza. Chini kabisa kuna tambura, ala ya nyuzi inayoshika sauti ya msingi bila kuiachia. Sikiliza umbali. Kila noti mpya inayoingia, jiulize imeenda mbali kiasi gani na tambura, na inarudi kwa njia ipi. Chukua kipande kimoja cha alap, hesabu ni lini noti ya juu kabisa inaguswa kwa mara ya kwanza. Mara nyingi utaisubiri sana, na mpigaji anajua kuwa unaisubiri.

Tarehe 1 Agosti 1971, kwenye tamasha la kuichangia Bangladesh katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, mpiga sitar (ala ya nyuzi ya Kihindi) Ravi Shankar na wenzake walikaa kidogo kuweka nyuzi zao sawa, na walipomaliza ukumbi ukapiga makofi. Shankar aliwashukuru, akasema kama wamependa hivyo utayarishaji, anatumaini watapenda zaidi muziki wenyewe. Watu wale walikuwa na heshima tele, walikosa tu mtu wa kuwaonesha mlango. Wewe umepata bahati ya kuwa darasani, basi itumie.

Tabla, jozi ya ngoma ndogo za mkono, ikiingia, hapo ndipo wakati unapata mshikaji. Mzunguko utakaoukuta mara nyingi ni tintal, mapigo 16 yaliyogawanywa manne manne. Piga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13, na kwenye la 9 punga mkono hewani bila kofi. Kisha tamka maneno ya ngoma kwa mdomo kama wanavyofundishwa watoto wa huko: dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Yatamke ukiosha vyombo, ukipanda basi, mpaka yatoke yenyewe. Utagundua kwamba kuanzia pigo la 10 ile sauti nzito ya ngoma ya mkono wa kushoto inaondoka, na inarudi kwenye pigo la 14. Kurudi kwake ni taarifa kwamba pigo la kwanza, sam, liko karibu. Mpiga sitar anaweza kutangatanga mizunguko kadhaa kisha akatua kwenye sam sawasawa na mwenye tabla, na hadhira iliyokuwa ikihesabu kwa vidole inatikisa kichwa kwa pamoja. Haya ni ya kaskazini. Ukisikia fidla inayoteleza pamoja na mridangam, ngoma moja yenye nyuso mbili, elekeza jibu lako kusini, kwenye muziki wa Karnatak.

Kwenye nchi za Kiarabu unao mlango ambao wenzako darasani hawana. Umekulia Tanzania, taarabu umeisikia kwenye harusi hata kama hukuifuatilia, na adhana umeisikia kila siku. Ukiwasha leo rekodi ya maqam (ngazi ya sauti ya Kiarabu) iitwayo Hijaz, ule mruko mpana kati ya sauti ya pili na ya tatu utaufahamu kabla hujaambiwa jina lake. Zanzibar iliifuata Misri kwa macho wazi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na ganuni, udi, nai na fidla vikakaa pamoja na mashairi ya Kiswahili. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na sauti yake ikarudi pwani yote kwa gramafoni. Ukianza na taarabu asilia ya Zanzibar, kisha ukaenda kwa mwimbaji Umm Kulthum wa Misri, utakuwa unatoka nyumbani kwenda kwa jirani.

Hapa swali letu lina jibu tofauti kabisa. Wakati unashikwa na ngoma ndogo, riqq au dumbak, sawa, lakini kuna mwingine anayeushika: msikilizaji. Umm Kulthum, aliyekuwa akisikika moja kwa moja redioni Cairo Alhamisi ya kwanza ya mwezi, aliweza kuurudia mstari mmoja mara nyingi, kila mara kwa pambo jipya, kwa kuwa ukumbi ulikuwa unapiga kelele za kuomba tena. Wimbo mmoja uliweza kufika saa nzima. Mwimbaji anamsubiri msikilizaji, msikilizaji anamsubiri mwimbaji. Wewe umewaona kina mama wakiinuka kwenda kutunza mwimbaji, pesa mkononi, wakicheza taratibu kuelekea jukwaani, na bendi ikiendelea kuzunguka mpaka wafike. Andika hilo kwenye jibu la insha, ukieleza kwamba hadhira ni sehemu ya upigaji. Na kwa kusikiliza, jifunze kuitambua ngazi ya Rast: sauti yake ya tatu inakaa kati ya funguo mbili za kinanda, na huwezi kuipata kwenye kinanda cha kawaida. Mpiga ganuni ana vikonyo vidogo chini ya nyuzi ambavyo huviinua na kuvilaza katikati ya wimbo ili aipate.

Sasa Afrika, na hapa nataka tukae.

Ombi la profesa wako lina nia njema, lakini ukilipokea lilivyo utasimama mbele ya watu kusemea bara lenye nchi 54. Usikubali mzigo huo. Mwambie kwa upole kwamba utazungumzia muziki wa mahali unapopajua, na kwamba utawafundisha wenzako jambo moja la kufanya kwa mikono. Profesa mzuri atafurahi. Msomi wa Ghana J. H. Kwabena Nketia, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Ghana huko Legon na pia California, alitumia maisha yake kuonesha kwamba muziki wa Afrika unaelezwa kutoka ndani, jamii kwa jamii, kwa maana ambazo wenyewe wanazipa. Unafuata njia aliyoipitia.

Ulipopajua ni Dodoma, na Dodoma ina vitu viwili ambavyo darasa la muziki wa dunia lingelipia nauli kuvisikia.

Cha kwanza ni kwaya yako, na usiione ndogo. Ile solfa uliyosomea, do re mi fa, mfumo wake wa maandishi ulienezwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19, na wamisionari wakaupeleka karibu kila walikojenga shule. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao wewe uliuimba kila asubuhi shuleni kama "Mungu Ibariki Afrika". Usikilize tena ukijua hayo. Sauti nne zinatembea pamoja, neno moja kwa wakati mmoja, kama zaburi za Kiprotestanti, na bado ukiimbwa uwanjani watu wanaingiza mvuto wao, besi zinatangulia, kina mama wanateremka na mstari wao. Hapo ndipo sikio lako lilipopata tuni yake. Hiyo ndiyo historia niliyokuahidi: kinachokufanya uione gamelan imepinda kilifika kwenu kwa meli, kikapendwa, kikawa chenu.

Cha pili ni muziki wa Wagogo, na hata kama wewe si Mgogo umepita karibu nao maisha yako yote. Mwaustria Gerhard Kubik, aliyetafiti muziki wa Afrika kwa miongo mingi, alieleza kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo inatokana na sauti za kimaumbile zilizomo ndani ya uzi mmoja. Ukigonga uzi, juu ya sauti kuu kuna sauti nyembamba zinazopangika zenyewe: ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, na kuendelea. Kwa solfa yako ya nne ni do, ya tano ni mi, ya sita ni so. Ya saba haimo kwenye kinanda. Iko senti 31 chini ya ufunguo ulio karibu nayo. Wagogo wanaiimba kwa uhakika kamili, sauti juu ya sauti, na ndiyo sababu uimbaji wao una ule mlio unaofanana na mzinga wa nyuki. Mtu wa kwaya akiwasikia kwa mara ya kwanza huona wanakosea noti ile ile kila mara. Ukiona noti "inakosewa" na watu ishirini kwa pamoja, kila mara, jua umeikuta sheria yao.

Wapigie darasani rekodi ya Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya miaka mingi ya kufundisha na kupiga Bagamoyo, akiwa na ilimba (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze. Kisha waoneshe video ya muheme, ngoma inayopigwa na wanawake wakiwa wameshika ngoma kati ya mapaja. Wanafunzi wengi wa Marekani wanaingia wiki ya Afrika wakiwa na picha moja kichwani, mwanamume mwenye misuli na ngoma, kwa hiyo muheme itawafungua macho kabla hujasema neno. Kedmon Mapana, msomi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenye asili ya Ugogoni, ameandika kuhusu namna watoto wa Kigogo wanavyoukuta muziki wa kwao na namna shule inavyowatenga nao. Mtafute kwenye maktaba ya chuo chenu. Na piga simu nyumbani. Mtafute jirani au shangazi wa rafiki aliyecheza muheme, umuulize huchezwa lini na nani haruhusiwi. Dakika ishirini za mazungumzo hayo zitakupa vitu ambavyo kitabu chenu cha kiada hakina.

Bongo fleva usiiache nje. Kuna mtu ataona haya kuitaja kwenye wiki ya "mila". Vijana wa Dar es Salaam waliochukua hip hop ya Marekani wakaisemesha Kiswahili katika miaka ya 1990 walifanya kitu kile kile walichofanya watu wa Ikhwani Safaa kwa muziki wa Misri.

Cha kufanya kwa mikono kiwe hiki. Hesabu moja mpaka kumi na mbili, sawasawa, mfululizo. Piga kofi kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Hilo ndilo pigo la gankogui, kengele ya chuma ya Waewe wa Ghana na Togo, na ngoma kubwa kama Agbekor zinasimama juu yake. Ukishaweza, kanyaga miguu kwenye 1, 4, 7 na 10. Wagawe darasa nusu kwa nusu, hawa makofi, hawa miguu. Watacheka, watapotea, halafu ghafla watashikana. Hapo waulize swali letu: nani anaushika wakati? Wengine watasema miguu, wengine kengele. Kwa Waewe kengele haiyumbi, na hata mpiga ngoma mkuu, mwenye uhuru kuliko wote, anajipima nayo.

Na kuna mfano mmoja zaidi ambao mimi nisingeuruka, kwa sababu uko jirani yetu na ni wa hali ya juu kabisa. Amadinda ya Buganda ni marimba ya mbao 12 inayopigwa na watu watatu, wakikaa pande mbili. Wa kwanza, okunaga, anapiga mstari wake. Wa pili, okwawula, anapiga mstari mwingine, kila noti ikiangukia katikati ya noti mbili za mwenzake. Kwa kasi hiyo sikio haliwezi kufuata mstari wa mtu mmoja. Linakusanya noti za chini kivyake na za juu kivyake, na unasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja aliyezipiga. Mtu wa tatu, okukoonera, kazi yake ni kusikiliza noti za mbao mbili za chini kabisa zikitokea ndani ya mchanganyiko huo, na kuzirudia juu kwenye mbao mbili za mwisho. Yaani kuna mpigaji ambaye mstari wake haupo mpaka wenzake wawili wautengeneze bila hata mmoja wao kuupiga. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, aliwafundisha watafiti utaratibu huu, naye Kubik akiwa mmoja wao. Mwaka 1966 majeshi ya serikali yalipolivamia kasri la Lubiri, wanamuziki wa Kabaka walitawanyika, na sehemu ya tunachokijua leo imebaki kwa sababu watu kama Muyinda waliendelea kufundisha. Linganisha na kotekan ya Bali kwenye mtihani, na ueleze tofauti: Bali wawili wanashona mstari mmoja, Buganda wawili wanazalisha mstari wa tatu.

Kuhusu majina ya ala, usiyatupe, yapange tu. Mfumo wa Hornbostel na Sachs wa mwaka 1914 unauliza ni kitu gani kinachotetemeka: mwili wa ala yenyewe (idiofoni), ngozi (membranofoni), uzi (kodofoni) au hewa (erofoni). Ukisikia sauti usiyoijua, lijibu swali hilo kwanza, nusu ya majibu ya uongo itajiondoa. Na ukisikia mkwaruzo au mvumo juu ya noti, usidhani spika imeharibika. Mbira ya Washona wa Zimbabwe hufungwa vifuniko vya chupa au makombe ili ivume, na bila mvumo huo wenyewe wanaona haijakamilika.

Ripoti ya onesho. Nasoma nyingi kila muhula, na zinazoanguka zinaanguka kwa sentensi za aina moja: "Muziki ulikuwa wa kuvutia na ulionesha utamaduni tajiri wa kale." Sentensi hiyo ungeweza kuiandika bila kwenda. Andika ulichokisikia na ulichokiona: "Mpiga tabla alimtazama mpiga sitar kila mzunguko ulipokaribia kwisha, na mara mbili walicheka baada ya kutua pamoja." Sasa profesa anajua ulikuwepo na ulikuwa unahesabu. Andika wanamuziki wamekaaje, nani anampa nani ishara, hadhira ilikuwa inafanya nini na ilinyamaza lini, nani alilipa kiingilio, muziki huo kwao hupigwa wapi na hapo ukumbini umebadilishwa nini. Mwaka 1964 mtafiti wa muziki Alan Merriam alipendekeza muziki utazamwe pande tatu: mawazo ya watu kuhusu muziki, matendo yao na sauti yenyewe. Ripoti nyingi za mwaka wa kwanza huishia kwenye sauti. Epuka maneno kama "wa kienyeji", "wa ajabu" na "tangu enzi na enzi". Gong kebyar ina umri wa karne moja tu, kwa hiyo ukiiita ya kale umekosa alama ya bure.

Sasa ratiba. Kila siku dakika kumi na tano, kipande kimoja, bila kufanya kazi nyingine. Mara ya kwanza tazama video ili ujue nani anapiga nini. Mara ya pili zima picha, tafuta mshikaji wa wakati, hesabu kwa vidole. Mara ya tatu imba chochote unachoweza kukiimba, hata vibaya. Kisha ndipo usome ukurasa wa kitabu. Kipande kile kile kirudie siku tatu kabla ya kuhamia kingine. Ni afadhali vipande nane unavyoweza kuvipiga makofi kuliko arobaini ulivyovisikia mara moja wakati unaandika ujumbe kwenye simu.

Tena uliza kama chuo chenu, au kingine jijini, kina kundi la gamelan au la ngoma za Afrika Magharibi linalopokea wasiojua. Tangu profesa Mantle Hood alipowaingiza wanafunzi wa UCLA, Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, kwenye gamelan katika miaka ya 1950, vyuo vingi vya Marekani vimefuata, kwa imani kwamba anayetaka kuuelewa muziki wa watu lazima ajaribu kuupiga. Ukienda, omba ukae kwenye upatu mkubwa. Mara nyingi mgeni hupewa ala ya kazi chache kama hiyo, na ukikosea kuupiga kwa wakati kundi zima linajua, kwa hiyo utajifunza kuhesabu haraka kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Jaribio ulilofeli mwandikie profesa mapema, umweleze mbinu uliyobadilisha na umuulize kama kuna nafasi ya kulirudia. Nenda ofisini kwake na spika ndogo, umpigie rekodi moja ya Wagogo kabla ya wiki ya Afrika, ili mkubaliane dakika zako ni ngapi na vifaa gani vitakuwepo darasani. Na mimi niandikie ukishapata mpangilio wa mada zilizobaki. Kama Korea imo, tutazungumza kuhusu pansori, uimbaji wa hadithi ndefu unaosindikizwa na ngoma moja, maana pale mpiga ngoma ana kazi ya kupaza sauti ya kumtia mwimbaji moyo, na hilo ni somo refu.